Masika watatu katika salle moja

Butembo, siku ya posho, yaani Jumamosi. Mvua tangu asubuhi, ile ndogo isiyo na haraka.

Wapendwa wangu, muko wazima? Homa haijawasumbua, watoto wanalala vizuri? Sisi hapa mtaani Mususa tuko, kwa neema ya Mungu. Upande wa Beni habari mbaya hazikatiki na wakimbizi wanazidi kufika, lakini leo kumetulia. Maharagi nimeanika ndani, Baba Esther amesinzia kwenye kiti, na mimi nimeshika telefone ya binti yangu Esther ili niwaandikie.

Juri ni siku ya tatu. Ni Jumatano hii. Kwa wasiojua, juri ndiyo mtihani wa mwisho wa shule ya uuguzi. Wanakupa mgonjwa wa kweli, unamhudumia mbele ya waganga, yaani madaktari, nao wanakuuliza maswali. Ukipita unapata diplome, kisha ruhusa ya kufanya kazi. Ukianguka, mwaka mwingine. Kwa umri wangu mwaka mwingine si kitu cha kuchezea. Niliingia darasani wakati watoto wangu wakubwa wanatoka, na wanafunzi wenzangu wananiita "Mama Mukubwa".

Ninasoma popote. Nikitwanga majani ya sombe, nikiwa njiani kwenda Misa, midomo inatembea yenyewe.

Na ndivyo ilivyonipata jana.

Kwetu Wanande jina linafuata namna ulivyozaliwa. Binti wa kwanza ni Masika. Basi ingia salle yoyote ya wanawake hospitalini, ita Masika, hautakosa wa kuitika. Mimi mwenyewe ni Masika. Sista anayetufundisha kwenye staji, mazoezi yetu ya hospitalini, hachoki kurudilia: musimuulize mgonjwa "wewe ni Masika?" Muulizeni "jina lako nani, wewe ni mama ya nani?" Halafu munyamaze, aseme mwenyewe.

Jana nilikuwa na Masika wawili. Mmoja ni koko, bibi mzee wa kijiji cha Kipese; tension yake, yaani presha, iko juu na mdomo wake uko mrefu. Mwingine bado kijana. Alikimbia shamba lao nyuma ya Beni, akakaa kidogo kwa shangazi yake mtaani Beu, mjini Beni, kisha akapanda mpaka hapa na malaria ndani ya mwili. Damu yake ni kidogo, anatembea kwa kushika ukuta.

Mkononi nilikuwa na kinini, kidonge cha kushusha tension. Kichwani nilikuwa na juri: mgonjwa anayestahili, dawa inayostahili, kipimo kinachostahili. Midomo inatembea. Nikainama kwenye kitanda cha dirishani.

"We njo Masika?"

"Njo, mama," akaitika: ndiyo.

Akanywa.

Nikageuka, mzee wa Kipese ananitazama. "Mwali, na mie dawa yangu iko wapi?"

"Koko, si umekunywa sasa hivi?"

"Nimekunywa nini? Mate yangu?"

Salle nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, halafu nikatazama tena kitanda cha dirishani. Aliyelala pale ni yule kijana, na tension yake tayari ilikuwa chini.

Niwaambie ukweli wote. Wazo lilinijia, wazo la akili kabisa: kinini nyingine iko kwenye sahani, mpe koko yake. Kijana amekunywa moja tu, atalala, ataamka. Hakuna mtu ameelewa kitu. Juri ni siku ya tatu.

Nilianza Salamu Maria moja. Sikuimaliza.

Sista alikuwa anakunja mashuka. Nikamwambia, "Sista, nimempatia Masika dawa ya Masika."

"Masika gani?"

"Yule wa Beni. Amekunywa kinini ya tension."

"Keti." Halafu akaacha mashuka. "Hapana keti! Twende!"

Tulimlaza bila mto, tukainua miguu yake. Daktari akaja, akamtundikia serum, maji ya mshipani, akaniamuru nisiondoke pale, nipime na kupima tena. Nikapima. Inashuka. Akasema paa linazunguka. Nikamshika mkono, nikapima. Imeshuka tena kidogo. Wapendwa, saa ile sikuomba kupita juri. Niliomba namba ile isimame tu.

Jua likielekea milimani ikasimama. Kisha ikaanza kupanda, polepole kama mtu mwenye mzigo. Akafungua macho, akauliza kama kuna uji.

"Sasa umwambie wewe mwenyewe," Sista akasema.

Hilo sikulitazamia. Nikakaa kando ya kitanda. "Mwanangu, nilikupatia dawa ya mutu mwingine. Njo ilikuzungusha kichwa. Unisamehe."

Akakoroga uji wake. "Niliona haifanane na yangu."

"Sasa juu ya nini haukusema?"

"Mama, kule tulitoka, mutu wa bunduki akikuuliza kama we njo fulani, unasema njo. Mbio mbio. Ukikawia, inakuwa mambo."

Mzee wa Kipese akadakia kutoka kitandani kwake: "Hapa ni hopitali, mutoto! Hapa watu wanakataaga! Mie nakataa kila siku, uulize huyu mwali."

Kijana akacheka mpaka uji ukamwagika kwenye shuka. Shuka nilifua mimi, kwa furaha.

Lile swali la Sista nilikuwa nimelishika kama katekisimu. Nilifikiri ni kwa sababu ya majina yetu kufanana, basi. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anaitika kwa sababu anaogopa.

Leo asubuhi Sista aliniita. Nilikwenda nikijua ananiondoa kwenye juri.

"Utaifanya," akasema. "Lakini waganga wataniuliza juu yako, na nitawaambia mambo ya jana yote. Kwamba ulikosa, na kwamba ulikuja. Wao watapima."

"Mbele ya wenzangu?"

"Mbele ya wote. Sasa nenda umpime mgonjwa wako."

Nilimpima. Yuko mzuri.

Baba Esther aliposikia aliuliza: "Na bakikuangusha?"

"Nitarudilia mwaka."

"Basi nitajichomea mahindi mwaka mwingine tena," akasema, akaenda kuongeza kuni.

Kusimama mbele ya waganga na kosa langu, hilo nimeshalikubali. Naogopa, lakini woga wenyewe umekaa chini, haurukiruki. Kinachonibaki moyoni ni kile kitakachofuata: wataniweka mbele ya mgonjwa nisiyemjua, wanipe dawa, nami nimpe kwa mikono hii hii.

Ninyi munaofanya kazi hii, muko Goma, muko Kampala, popote vita ilipowatupa: kisha kukosa, kesho yake mulishikaje dawa tena? Muniandikie hapa chini, hata mistari michache. Mujibu upesi, mbele ya siku ya tatu. Ninawangoja.