Diski Nne kwa Seva Tatu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi Kasulu, tarehe 4/12/2024, saa 4:20 asubuhi
Jina: Reverien Nizigiyimana. Umri: miaka 53. Dini: Mkristo. Kazi: mkulima wa maharage na mjumbe wa kamati ya ushirika, tawi la Kibondo. Makazi: Busunzu, Kibondo.

Mwenyekiti wetu, Fidele Ininahazwe, amewaambia ninyi polisi: "Nimemkuta Winnie na diski mbili mkononi. Ndiye aliyeua mfumo." Diski alikuwa nazo kweli. Hilo la kuua mfumo ni uongo.

Ushirika una seva tatu, yaani kompyuta za kutunzia kumbukumbu, zote katika chumba kimoja hapa Kasulu. Zinatunza daftari moja la wanachama. Jina jipya halikubaliki mpaka seva mbili zithibitishe kuwa zimeliandika. Kila seva ina diski mbili zinazoandika kitu kilekile kwa pamoja. Tena kila seva tumeibandika jina la tawi, Kasulu, Kibondo, Kakonko, kana kwamba kuna madaftari matatu.

Mnamo tarehe 14/11/2024, saa 5:00 asubuhi, kamati ilikaa kugawa diski mpya nne za kasi. Winnie Ndayikeza, fundi wetu wa kompyuta, alitaka zote nne ziingie kwenye seva za Kasulu na Kakonko. Ya Kibondo ibaki na diski zake za zamani, kwa kuwa seva mbili zikithibitisha inatosha.

Nilipiga meza. Nilisema, "Kibondo si mtoto wa kambo!" Wajumbe wakapiga makofi. Winnie akasema, "Mzee Reverien, hii si mbolea. Ukifunga diski ya kasi pamoja na ya zamani, ya kasi itakaa inaingoja ya zamani imalize kuandika." Nikamuuliza Kibondo tumemkosea nini. Watu wakacheka.

Tukagawa kama tunavyogawa mbolea, kila tawi moja. Ya nne ilishindikana kugawanywa kwa tatu, mwenyekiti akaifungia kabatini. Bado imo, haijatolewa kwenye mfuko wake.

Jana, tarehe 3/12/2024, ilikuwa siku ya kujiandikisha kwa mbolea. Nilikuwa kwenye dirisha la kuandikishia hapa Kasulu tangu saa 2:00 asubuhi. Hadi saa 4:00 walikuwa wameandikwa watu kumi na tisa tu, kila jina likingoja diski za zamani. Rosa, mkulima wa Kitanga, aliniambia, "Yewe mjumbe! Ningekuwa na kalamu ningeshamaliza kijiji."

Saa 4:10 nilimfuata Winnie chumba cha seva. Alikuwa anatoa diski za zamani kwenye seva mbili, kila moja ibaki na ya kasi peke yake. Nilimshikia tochi. Alipotoa ya pili, Fidele aliingia, akapiga simu polisi.

Mimi nilikuwa na tochi mkononi. Sikuulizwa, nami sikusema.

Nusu saa iliyofuata waliandikwa watu sabini. Winnie alikuwa tayari ndani ya gari lenu.

Mkuu wa kituo, fungua kabati la mwenyekiti leo uione hiyo diski ya nne, kisha umwachie binti huyu. Nanyi wajumbe sita mliopiga makofi, fikeni hapa kabla ya jioni, kila mmoja aandikishe alichokisema siku ile. Langu nimeliandikisha.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ni hayo. Nimesomewa, ni sahihi.

(Saini) R. Nizigiyimana

Yameandikwa nami, Koplo Shamsi, saa 5:35 asubuhi. Shahidi ameruhusiwa kuondoka, amekataa. Nyongeza, saa 9:00 alasiri: bado yupo kwenye benchi la mapokezi.