Tabia Niliyokuandikia, Baba Mdogo

Baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo umekuachia kidogo. Mvua zimekaaje? Alizeti imeshachanua? Mimi huku Polandi afya ninayo, kazi ya kupakia mizigo ghalani inaendelea, baridi tu ndiyo inatukomesha. Simu zangu hupokei, na sababu naijua, kwa hiyo maneno haya nimemtumia Neema akuchapishie kwenye karatasi akuletee huko kijijini Mungaa. Usimkasirikie. Binti yako hana kosa.

Ngoja nikueleze, maana jambo lenyewe ulilisikia nusu. Siku ambazo hakuna kazi mimi hucheza gemu ya kompyuta ya kutawala nchi. Humo mna koo na machifu. Watu wanaoana, wanazaa, wanarithi, wanapigana. Mchezaji anaruhusiwa kuongeza watu wake. Unaandika maelekezo: huyu jina lake fulani, baba yake fulani, tabia yake hii. Ukimaliza, kompyuta inawatembeza kama watu hai. Upweke ukanituma, nikauingiza ukoo wetu. Marehemu baba nikampa uchifu, mama nikampa hekima, mimi nikajipa ushujaa, nikacheka mwenyewe.

Ulipofika wewe, nikaandika: mwenye tamaa.

Hadithi bila adui haina utamu, na kwenye gemu hiyo ndugu wa chifu aliyekufa ndiye adui wa kawaida. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nikakutungia na tukio: kaka yako anafariki, unakabidhiwa watoto, unawanyang'anya ng'ombe. Kazi yote nikaiweka mtandaoni, yeyote aichukue acheze nayo, wageni wakasifia, kichwa kikavimba, nikamtumia na Neema. Naye kwa furaha akaja nyumbani na kompyuta yake, akaita majirani: "Njooni muone, kaka katuweka wote kwenye gemu!" Akawasomea. Ananiambia alipofika kwenye ng'ombe uliinuka, ukasema tu, "Kumbe na yeye alikuwa anawaza hivyo," ukaenda zizini.

Baba mdogo, sikuwa nawaza hivyo. Mungu ananiona. Ila najua nilichogusa. Matanga yalipoisha, wazee walipokukabidhi sisi na zizi la marehemu, nusu ya kijiji ilikaa kusubiri uitafune mali ya yatima. Nilikuwa mkubwa wa kutosha, maneno yao nilikuwa nayasikia kisimani. Wewe ukauza maksai wako mwenyewe ili niende sekondari, ukalima kwa jembe la mkono, na ng'ombe wa marehemu hukugusa hata mmoja. Maneno yakafa. Leo mimi, niliyesomeshwa na maksai hao, nimeyafufua mbele ya majirani wale wale. Naona aibu, baba mdogo. Mtu mzima na ndevu zangu!

Nimeshafuta. Nimekuandika upya: mwaminifu, mkaidi kidogo, maana uongo nao sitaki. Lakini waliokwisha kuichukua ile ya kwanza siwezi kuwafikia. Ziko nyumba za watu nisiowajua ambamo bado unawaibia yatima, na aliyekutuma ni mimi.

Tena nilijaribu kukuweka kwenye mstari wa baba yangu, pamoja na marehemu. Gemu ikagoma, kila mtu inampa baba mmoja tu. Nikaliacha jina la marehemu, kwa kuwa utotoni kila nilipokuita baba ulinisahihisha: "Mdogo. Baba yako ni yule pale," huku ukinionyesha kaburi.

Nisalimie mama, mwambie asiwe analia, ninakula vizuri. Nisalimie mama mdogo aliyenilea kwa mlenda wake; najua naye kanuna, na ana haki. Neema mwambie asijilaumu.

Jumapili mkishatoka kanisani nitapiga tena. Sina la kujitetea. Pokea tu, hata usiposema kitu. Simama karibu na zizi, niwasikie ng'ombe wa marehemu nyuma yako. Itanitosha.

Mwanao,
Elia