Maneno Niliyomnong'oneza Mama

Quitunda, 14 Juni 2024

Kwa dada yangu mpendwa Zainabo,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mtwara, wewe na shemeji Amisse, na yule mtoto ambaye mpaka leo namjua kwa picha tu. Meno yameshatoka? Sisi tuko hai, alhamdulillahi. Nimeona niandike kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ungeniuliza maswali kabla sijamaliza, na mimi unanijua, nikiulizwa hunyamaza.

Naanza na hili: mama hajafa. Huenda umeshaambiwa kwamba ameuawa na daktari wa kike. Jumanne habari hiyo ilifika Palma mjini kabla ya adhuhuri, na watu wakaanza kuulizia sanda. Aliyekaribia kufa ni huyo daktari.

Unakumbuka tumbo la mama lilivyoanza. Ile Machi ya 2021, waasi walipovamia Palma na baba akachinjwa ufukweni mbele ya macho yake, mama alijificha siku mbili kwenye mikoko, tumbo limemkaza, asithubutu hata kujisaidia kwa kuogopa kusikika. Tangu hapo hajapona. Leo anakimbilia chooni mara kumi, kesho na keshokutwa hapati choo kabisa, tumbo limejaa kama ngoma. Mwaka huu daktari wetu, doutor Sérgio, alimpima damu, kinyesi na malaria, akamtuma hadi Pemba kupigwa picha ya tumbo. Vyote safi. Alisema ni utumbo unaokasirika bila kidonda, na dawa alizokuwa nazo ameshazimaliza zote.

Ndipo akaja doutora Celeste kutoka Nampula. Yeye hutibu kwa maneno. Alisema tumbo la namna hiyo linaweza kutulizwa kwa hipnose, yaani mgonjwa analala chali, anafumba macho, anasemeshwa polepole mpaka mwili unalegea, bila usingizi, kisha tumbo linaelekezwa litulie. Mimi nimekuwa mkalimani wa zahanati tangu nimalize shule, kwa hiyo nilisikia walivyobishana. Doutor Sérgio alicheka. Alisema hipnose aliiona jukwaani Maputo, mtu mzima anawika kama jogoo, na kwamba katika miaka yote ya kusomea udaktari hakufundishwa kuwawikisha wagonjwa. Celeste akamjibu kwamba hata vidonge vyake vimewika miezi minne na bado hakujakucha. Hapo daktari akakiri kinachomtisha hasa: akimtuma mwanamke wa hapa akalazwe na kunong'onezwa, watu watasema daktari amegeuka mganga, na watoto hawataletwa tena kuchanjwa. Mwisho walikubaliana mama atibiwe mara sita, nami niandike maumivu yake kila siku kwenye daftari. Akipata nafuu, daktari atawatuma na wanawake wengine kumi na mmoja wenye tumbo kama hilo. Asipopata, Celeste afungashe vitu vyake.

Dada, alipata nafuu. Baada ya mara tatu alikula muhogo na samaki akashiba, akaenda shamba akarudi bila kutafuta kichaka. Daktari alisoma daftari langu mara mbili, akasema bado haamini, ila kutoamini kwake kumeanza kumsumbua.

Mara ya nne ilikuwa Jumanne asubuhi, hapo zahanati. Kulikuwa na baridi, nikamfunika mama shuka jeupe. Celeste alikaa upande wa miguu akisema Kireno, mimi nikainama kichwani nikimnong'oneza mama sikioni. Jirani yetu, mama Rafique, akapita dirishani. Alichokiona hata wewe ungekiona: mtu kanyooshwa, kafunikwa jeupe, kafumba macho, na binti yake yuko sikioni kama tunavyowatamkisha shahada wanaokata roho. Akapiga yowe la msiba.

Walikuja wanaume waliokuwa wakijenga ukuta jirani. Mjomba Latifo alikuwa mbele na mpini wa jembe. Pigo la kwanza lilimpata Celeste mdomoni, na jino likaanguka juu ya mkeka, karibu na goti langu. Wakamvuta kwa misuko mpaka nje, mmoja ukatoka na ngozi. Walimkanyaga vidole, walimpiga mateke ya mbavu, huku wakisema, "Umemlaza, haya mwamshe! Si ndiyo kazi yako? Mwamshe!" Mama alikuwa ameshaketi, anapiga kelele kwamba yu hai, lakini nani angemsikia? Wote walikuwa wanamtazama wanayemuua. Mmoja alinyanyua tofali.

Doutor Sérgio alitoka mbio akajilaza juu ya Celeste. Mpini ukatua kwenye mkono wake, nikasikia mfupa ukivunjika. Alikuwa akipiga kelele kwa Kireno kwamba mgonjwa yu hai, nendeni mkamtazame, kisha akanigeukia mimi niliyesimama mlangoni, akaniita kwa jina ili nifasiri. Sikufasiri. Mdomo wangu haukufunguka.

Aliyewazuia ni mama. Alitoka na shuka lake mabegani, na baadhi yao wakakimbia wakidhani maiti imeinuka. Alimnyang'anya mjomba ule mpini akampiga nao kichwani hata damu ikamwingia machoni, akamwuliza kama maiti inapiga hivi.

Mjomba yuko polisi. Celeste amelazwa Palma, mbavu tatu zimevunjika na jicho moja halifunguki. Mama ndiyo hivyo tena, tangu Jumanne tumbo limerudi, hali chochote. Juzi daktari, mkono ukiwa kwenye plasta, aliniamuru niandike ripoti kwamba hipnose imeleta fujo, na isitumike tena hapa. Niliiandika kwa mkono huu huu.

Sasa nikwambie, dada, ndiyo sababu ya barua yote. Mama Rafique hakukosea. Nilikuwa natamka shahada.

Kila mara Celeste alianza kwa kumwambia mama ashuke taratibu hadi ufukweni, akae mchangani, asikilize maji. Ningempelekaje mama kwenye ufukwe ule? Ilinipasa nimwambie Celeste siku ya kwanza. Niliona haya. Alikuwa na furaha sana kupata mgonjwa, nami nikashindwa hata kuinua mkono. Kwa hiyo nikasema maneno pekee ninayojua yanasemwa kwa sauti ile: La ilaha illallah. Tena na tena, mara nne zote. Wamemvunja mbavu kwa maneno yangu.

Jana nilimwambia daktari. Hakunikaripia. Alitaka nimwulize mama kama alijua. Mama alicheka kidogo, akasema shahada ataachaje kuijua? Alidhani ndiyo dawa yenyewe, akashangaa Celeste, Mkristo, ameijulia wapi, na ndiyo maana akamwamini. Kisha akasema baba hakupata mtu wa kumtamkisha siku ile, kwa hiyo kila akilala pale alikuwa anaisikiliza kwa niaba ya baba, na tumbo likawa linaachia.

Nilimfasiria daktari yote.  Akachukua ripoti, na kwa mkono wa kushoto, kwa mwandiko wa mtoto, akaandika chini kwamba matibabu hayajashindwa kwa sababu bado hayajajaribiwa. Alisema iwapo Celeste atakubali kurudi, atasaini kibali cha kuanza upya.

Celeste hajakubali. Leo nilikwenda nikamweleza, akageukia ukutani. Mama anasema Jumatatu atakwenda mwenyewe kumwomba radhi kwa ajili yangu na kumwomba arudi, na mimi ndiye nitakayefasiri. Safari hii nitafasiri neno kwa neno, hata yale yatakayonihusu mimi.

Tuombee siku hiyo. Msalimie shemeji, mbusu mtoto kwa niaba ya bibi yake, na ukinikasirikia usinifiche, niandikie.

Mdogo wako,
Alima