Kwa Mayu, Aliyenituma Nikachezeshe Mpira

Mayu,

Shikamoo, mama yangu. Najua sitasikia marahaba yako, lakini siwezi kuanza bila salamu. Ungeniuliza nimelelewa wapi.

Hapa nyumbani Nyakato tupo. Baba amejifunza kusonga ugali. Unatoka mgumu kama tofali, tunaula hivyo hivyo. Buti zako za kiwanda cha samaki ziko nyuma ya mlango. Nimezisugua mara nyingi, harufu ya sangara haitoki. Kusema kweli, sitaki itoke.

Mayu, nataka kukushukuru. Msibani walikusifu kwa uimbaji na kwa ujirani, na yote ni kweli. Hakuna aliyelitaja lile la mpira. Mimi nilipopewa nafasi ya kusema, nililia tu nikakaa.

Nilipoachwa kwenye timu ya mpira ya wasichana nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, sina chuo, sina kazi. Nilijilaza nikiutazama ukuta. Ukarudi kutoka kazini, ukasimama mlangoni hata hujavua buti.

"Hawataki ucheze? Basi nenda ukachezeshe."

Nilicheka kwa hasira. Kumbe ulikuwa umeshapita mjini kuulizia mafunzo ya waamuzi. Baba akasema binti yake hawezi kukimbia na kaptula katikati ya wanaume. Ukamjibu taratibu, "Baba Kabula, atakimbia. Wewe ukiona haya, baki nyumbani."

Mechi yangu ya kwanza ilikuwa ya wafanyakazi wa viwandani, vumbi tupu. Mwishoni nikatoa penalti. Wanaume wakanizunguka, wananitukana matusi ya nguoni, mmoja kanisogelea mpaka nasikia pumzi yake. Nikakutafuta pembeni ya uwanja. Nikakuona. Na wewe, mayu, ukanigeuzia mgongo!

Nilibaki peke yangu na filimbi. Nikanyoosha mkono kwenye alama ya penalti, nikaunyoosha hivyo hivyo mpaka wakachoka kupiga kelele. Mpira ukapigwa.

Njiani sikukusemesha. Uliniacha ninune mpaka tulipokaribia nyumbani, ndipo ukasema, "Ningekuangalia, ungeniuliza mimi kama ni penalti. Mimi mpira siujui, mwanangu. Wewe ndiye unayeujua."

Basi. Ukaingia jikoni.

Baada ya hapo nimechezesha Magu, Misungwi, hadi ng'ambo ya ziwa kupitia Kigongo. Siku hizi hatungoji kivuko, tunapita darajani. Ungelisifia sana lile daraja, halafu ungekataa kuchungulia chini.

Sasa nikwambie la mwaka huu. Tulipokuzika, hata matanga hayajaisha, nikaitwa kwenye mtihani wa mbio, ule wa waamuzi wa kupandishwa daraja. Nikaenda. Sikumaliza, mayu. Wenzangu walinipita, nikatoka pembeni nikakaa kwenye nyasi. Mtahini akanishika bega, akaniambia nipumzike mpaka mwakani. Shangazi akasema hiyo ni dalili, niachane na mambo ya wanaume, nitulie, niolewe. Nikakubali. Filimbi nikaitia kabatini.

Asubuhi moja baba akagonga mlango. "Kabula, amka. Mimi nimeshavaa."

Nikatoka. Alikuwa amevaa raba, kashika baiskeli. Baba huyu huyu aliyeikataa kaptula! Nikamuuliza tunakwenda wapi. "Igoma," akasema, "na kurudi." Tangu hapo kila siku nakimbia, yeye yuko nyuma yangu anakohoa, na nikipunguza mwendo ananifokea mbele za watu. Jina lako halitaji. Akifika nyumbani anainama muda mrefu akijifanya anakagua mnyororo, na mimi najifanya sioni.

Wiki iliyopita nilikwenda Nyamagana kwa wasimamizi wa mtihani kuomba nirudie mtihani mwaka huu huu. Walinitazama, wakaulizana, wakakubali. Ni Jumatatu.

Siwezi kukuahidi kwamba nitafaulu. Ninachokuahidi ni kwamba safari hii sitakaa kwenye nyasi. Nitakimbia mpaka waseme basi, na nikishindwa nitaomba tena, na tena, mpaka wanichoke wao.

Asante, mayu. Asante kwa kunitoa ukutani. Pumzika sasa, baba nitamtunza. Ananiita hapo nje, anasema jua linapanda na mimi bado naandika.

Acha nifunge kamba za viatu. Nakwenda.

Kabula wako