Mama Anashika Karata Zisizofaa

Shangazi Noreen mpendwa,

Nisikilize mpaka mwisho, tafadhali, maana hili sijamwambia mtu, hata mume wangu, na nikiendelea kukaa nalo nitapasuka. Mimi na mama yangu, nimwite Leatrice ingawa si jina lake, tunacheza poka ya mashine kila Jumanne alasiri kwenye kasino moja ya huku barabara ya Boulder Highway, yeye kiti cha kulia mimi cha kushoto, na tukimaliza tunakula supu ya mkia wa ng'ombe na wali kama watu wengine waliohamia Las Vegas kutoka Hawaii, na usianze kunihubiria kamari, Shangazi, tunacheza mashine za robo dola na tukiliwa tunaliwa kidogo, kwa sababu mama ndiye mchezaji bora niliyewahi kumwona, alipeleka vinywaji kwa wachezaji miaka mingi na akajifunza kwa kuwatazama wanavyokosea, na mimi alinifundisha yeye, mashine ikishakugawia karata tano ipi ushike na ipi utupe upewe nyingine, mpaka nikishika ree pembeni ya jozi, eti kwa kuwa ni karata kubwa, alikuwa akiniuliza, "Hiyo unaishikia nini, unaifuga?"

Sasa anakosea yeye. Siku moja alipewa kopa nne na karata moja ya ovyo, na hata aliyeanza jana anajua hapo unashika kopa zote nne unaomba ya tano, maana tano za aina moja zinalipa, yeye akashika malkia peke yake akatupa nyingine zote, nikasema labda kidole kimeteleza, lakini Jumanne nyingine akashika uru tatu na kopa moja, katulia tuli, ikaja uru nyingine na yeye akaipiga mashine kofi, "Nilipe basi, wewe!" wakati hapakuwa na cha kulipwa, kisha akachanganya shupaza na pau vilevile, na juzi akashika jozi ya nane pamoja na ree, kosa lile lile alilokuwa akinicheka nalo, nikaangalia pembeni machozi yananilenga.

Nyumbani kwake nikamtega, nikatandaza mezani zile karata zake zenye maandishi makubwa alizojinunulia, nikajifanya nimesahau, "Ma, hapa ungeshika ipi?" akajibu zote sawasawa, akaniambia, "Kulea kote kule bado unauliza?" na hapo ndipo nilipoogopa zaidi, kwa sababu bibi, mama yake mama, alianza hivyohivyo, leo mzima kesho hakujui, na jioni moja tulipoachana, maana kila mtu huja na gari lake, mama akapitiliza njia ya kutokea na kujikuta mji mwingine kabisa, Boulder City, akanipigia simu anacheka, "Wameficha kibao!" na mimi nikacheka naye.

Kaka yangu Darrell, aliye Reno, alishasema mama akianza kama bibi nyumba inauzwa na yeye anaingia kwenye nyumba ya wazee, hakuna mjadala. Na kumwambia mama mwenyewe siwezi, ndiye aliyenifunza kwamba karata za mtu wa kiti cha pili hazisemwi asipokuuliza, ni kumvunjia heshima. Nilimtilia kikadi cha mbinu kwenye mkoba, kile kinachoonyesha cha kushika na cha kutupa, akakitumia kuwekea kikombe. Niambie, Shangazi, nitamrekebishaje mchezo polepole bila yeye kujua na bila Darrell kusikia? Nahisi mchezo ukirudi na yeye atarudi.

Wa Kiti cha Kushoto, Henderson

*

Wa Kiti cha Kushoto,

Vuta pumzi. Pole sana, najua hofu hiyo inavyomla mtu. Sasa uisome tena barua yako, kwa sababu umeandika jibu ndani yake na hukuliona.

Mama yako ameona kopa akadhani uru, ameona uru akadhani kopa, na shupaza na pau amezichanganya. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Kwa karata alizodhani anaziona, alishika sawa kabisa! Mezani, kwenye maandishi makubwa, hakukosea hata moja. Na kibao cha barabarani eti kimefichwa. We mtoto, huyo mama anakwambia haoni, na wewe unamtilia kikadi chenye maandishi ya sisimizi.

Mimi si daktari. Huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni kitu kingine. Na ile ree na jozi ya nane siwezi kuieleza, wala sitakudanganya ili ulale vizuri. Kwa hiyo ni daktari wa macho kwanza, kisha daktari wake wa kawaida, na huyo wa pili mweleze habari za bibi bila kupunguza neno. Darrell mwambie ukishajua la kumwambia, siyo kabla.

Mchezo wake usiuguse. Mbinu za mama yako hazina kasoro, na hata zingekuwa nayo, kumfundisha mtu kushika karata hakumponyi macho wala kichwa.

Halafu nikugombeze kidogo. Umekaa unachunguza anachotupa na anachoshika, kisha jua linazama unamwacha aingie kwenye gari na kushika barabara ile, yenye malori, mkishamaliza tu supu yenu! Akishika karata vibaya mnapoteza sarafu. Akishika njia vibaya mtampoteza yeye na mtu mwingine asiyehusika. Ulimwogopa Darrell kuliko lori, binti yangu, na hilo halina udhuru.

Na hiyo adabu ya kutosema karata za mwenzako ni ya watu wasiojuana. Huyo ni mama yako.

Usingoje Jumanne. Nenda leo, kaa naye, umuulize waziwazi: "Ma, kopa na uru unazitofautisha?" Atakasirika. Atakuita mjinga. Usiondoke. Mwanamke aliyebeba trei miaka yote hiyo huku miguu inamuuma na bado anatabasamu anajua kuficha maumivu kuliko wewe unavyojua kuyatafuta. Naye alimwona mama yake akipotea mbele ya macho yake. Sasa karata zinamgeukia kwenye kioo cha mashine, hajui kwa nini, na anakupigia simu anacheka ili usisikie anavyoogopa. Kila Jumanne mnakaa bega kwa bega, kila mmoja anamficha mwenzake hofu ileile.

Anza wewe kusema. Na ukitoka, toka na funguo za gari lake.

Shangazi Noreen