Nyumba Yetu Kwenye Sinema

Pumwani, Nairobi

Kwa Kaka Mwinshehe, Kisarawe

Kaka, shikamoo. Mwili wangu mzima, na kazi ya udobi naendelea nayo. Pasi ya makaa imenichubua viganja, nimezoea. Barua yako ya juzi niliipata. Uliandika: "Nyumbani hatujambo, Baba anakusalimu." Nikashukuru, nikaikunja nikaitia sandukuni.

Sasa sikiliza. Jumapili baada ya adhuhuri ukumbi wa hapa ulionyesha sinema za watu maskini, bure. Unajua ninavyozipenda. Ilitangulia ya mjane wa Kizungu na wanawe, wanaokota makaa njiani. Watu walilia. Kisha ikaja ya watu wa pwani. Uani majani makavu tele, vitanda vimetolewa nje, watu wamelala chini kwenye mikeka. Msemaji akasema, "Hawa umaskini wao ni uvivu. Hata kufagia hawafagii." Ukumbi ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka, Kaka, hadi nikamshika jirani bega.

Ndipo nikauona mlango wetu, na kile kiraka cha bati alichokipigilia Baba. Ndani yumo Mama, kajifunika shuka la eda.

Loo! Watu wa Nairobi watajuaje kuwa kwetu nyumba ya matanga haifagiwi, na wafiwa hawalali kitandani? Lakini wewe unajua. Nawe ulikuwemo, umevaa kanzu ya Idi, unamwonyesha mpiga picha pa kupita! Ulipewa nini? Na eda, Kaka, haikaliwi mtoto wala jirani. Hukaliwa mume.

Sinema haitengenezwi kwa siku moja. Ulipoandika kuwa Baba ananisalimu, alikwisha kuwa kaburini. Usiniambie ulinificha ili nisiache kazi. Mficha maradhi kilio humfichua. Wewe umeficha kilio chenyewe!

Unajua niligombana na Baba juu ya shamba, nikaondoka bila kumuaga. Nilikuwa nangoja Idi nije nimshike miguu, nimwombe radhi.

Nisalimie Mama. Hata eda yake sijui kama imekwisha. Nisalimie shangazi Mwanahawa, niliyemwona sinemani amemshika Mama mkono, na shemeji, mkeo. Wewe sina salamu yako, nina swali. Baba alinitaja? Alisema yu radhi nami? Niandikie alivyosema, hata kama ni laana. Ila usiniandikie tena kwamba nyumbani hamjambo.

Mdogo wako,
Shomari