Alama ya X Ukutani kwa Mama Asere

Jumatatu, 3 Februari. Busia.
Nimepaka grisi gurudumu la kupimia umbali. Soksi nimefua, hazijakauka. Kutoka Sio Port mpaka hapa: kilomita 35. Malengelenge mawili, mguu wa kushoto.

Kazi ni kuunganisha njia tano za zamani ziwe mzunguko mmoja. Njia ya wachuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, ya mahujaji wa kanisa hadi Nambale, ya wakulima hadi Moding, ya wanunuzi wa ng'ombe hadi Malaba, kisha ya mpakani kurudi ziwani, Sio Port. Siku kumi na moja kwa miguu. Wageni watakuja kuitembea. Mimi nasukuma gurudumu na kupaka alama. Barasa, mratibu wetu, yuko juu ya pikipiki.

Rangi iliyoandikwa kwenye mpango ni buluu. Barasa ameleta nyekundu. Amesema rangi ni rangi. Sikubishana.

Jumanne, 4 Februari. Nambale.
Kilomita 56 tangu Sio Port. Nimemkuta Barasa hotelini, mchuzi wa kuku mpaka kwenye kiwiko. Amepaza sauti watu wasikie, "Mwanariadha amefika! Mpeni maji kabla hajafa!" Wamecheka.

Daftari lake lilikuwa mezani. Amejaza vipimo vya njia mpaka Malaba. Hajaikanyaga hata hatua moja. Amekadiria kwa tangi la petroli. 

Alhamisi, 6 Februari. Moding.
Vumbi tupu. Hapa njia ya wakulima inakutana na ya wanunuzi wa ng'ombe. Mpango unasema penye njia panda pawekwe X na namba ya kilomita chini yake. Hakuna mti mkubwa karibu. Kuna nyumba ya udongo yenye mabati, ukuta wake unatazama njia. Nimebisha. Hakuna mtu. Jirani ameniambia ni kwa Mama Asere, mjane, yuko shambani.

Nimepaka. X, namba 83. Mistari imenyooka vizuri.

Jumamosi, 8 Februari. Malaba.
Nimetembea kando ya foleni ya malori. Chupa za plastiki mtaroni, zimejaa mkojo wa madereva, zimefungwa vifuniko kama bidhaa. Moja ilipasuka chini ya gurudumu langu. Nimelisugua mara tatu. Bado linanuka.

Lakini kubwa la leo si hilo.

Nilisimama kununua muhogo wa kuchemsha. Mama muuzaji, mtu wa Moding, aliona kopo langu la rangi akafunika sufuria. Kisha akauliza, "Boss, hiyo barabara yenu itapita mpaka wapi?"

Barabara gani, nikamuuliza.

"Si mmepiga X kwa Mama Asere? Na namba? Ameshaezua mabati yake. Amesema heri atoe mwenyewe kuliko tingatinga ikanyage. Sasa analala jikoni na kuku."

Nimelipa, muhogo nimeuacha. X nyekundu yenye namba. Nchi hii mtoto wa darasa la kwanza anajua maana yake: nyumba iko kwenye njia ya barabara, itabomolewa. Mjomba wangu alipigwa X kama hiyo. Nilikuwepo. Na bado mkono wangu ulipaka, na jioni nikausifu kwa kunyoosha mistari.

Nimemweleza Barasa. Alikuwa anachokoa meno. "Wacha waogope kidogo. Mtu akiogopa serikali hafungi njia. Wakijua ni ya wageni tu, kila mtu ataweka miiba." Nimemwambia mjane amebomoa paa. Amesema, "Si ni lake?"

Nimemtazama ule mdomo. Kinyaa. Kisha nimetazama kucha zangu, zina wekundu. Kinyaa kile kile.

Jumapili, 9 Februari. Moding.
Sikuendelea na njia ya mpakani. Nimerudi nilikotoka, na gurudumu lenye harufu.

Nyumba iko wazi juu kama sufuria. Mabati yamepangwa ukutani, mawe juu yake. Kitanda kiko nje. Mama Asere alikuwa anang'oa muhogo ambao haujakomaa, auwahi pia kabla ya tingatinga. Aliona gurudumu akasimama wima. "Boss, mmekuja leo? Hata Jumapili?"

Nilisema yote. Hakuna barabara. Ni njia ya watu kutembea. X ni yangu.

"Watu kutembea wakienda wapi?"

Wanazunguka, mama. Wanarudi walikoanzia.

Aliweka muhogo chini. "Kwa hiyo nimebomoa nyumba ya marehemu kwa sababu ya watu ambao hawaendi popote." Hakupandisha sauti. Heri angepandisha. Alienda jikoni akarudi na nyundo na mkebe wa misumari iliyopinda.

Jumatatu, 10 Februari. Moding.
Barasa amekuja kuchukua gurudumu na rangi. Hakushuka kwenye pikipiki. "Umejifukuza mwenyewe, mwanariadha." Mama Asere ameniuliza kama huyo ndiye mkubwa wangu. Nimesema alikuwa. Ametema mate chini, si mbali na tairi.

Mabati sita juu. Kumi yamebaki. Mawingu upande wa Uganda.

Jumanne, 11 Februari. Moding.
Asubuhi, kunyoosha misumari juu ya jiwe. Mmoja mmoja. Mabati lazima yarudi kwenye matundu yale yale, la sivyo yatavuja. Tumemaliza saa saba. Kitanda kimeingia ndani.

Zimebaki X kumi na moja kutoka hapa hadi Sio Port, tatu upande wa Malaba. Nimeandika zilipo zote. Nitatembea kuzifuta moja moja, kuanzia kesho.

Ya hapa nimeikandika kwa udongo na samadi. Mikono inanuka ng'ombe. Sijali.

Saa kumi udongo umekauka na wekundu umechungulia. Mama Asere ameutazama, akachukua ndoo kwenda kuchota maji. Nimeanza kukoroga udongo mwingine.